Sifa za Programu Kuukuu

Nasimama kumtetea asiye na mtetezi: programu kuukuu ya kuhariri video. Toleo jipya lina matangazo, tena lina vijana wa YouTube wanaolipigia debe usiku na mchana. La zamani lina mimi tu, pamoja na kidirisha kinachochomoza kila asubuhi kunikumbusha kwamba sijasasisha. Nabonyeza "Baadaye", kinajiondokea bila kununa, na kesho kinarudi na adabu ileile.

Fadhila yake ya kwanza ni kutufunza subira. Weka maandishi juu ya picha, na mstari mwekundu utatanda juu ya vipande vyako, maana yake: hapa huoni kitu mpaka nirende, yaani niichakate picha kwanza. Haya, renda. Asilimia 3. Asilimia 4. Unakwenda kuchemsha chai, unarudi na kikombe, asilimia 11; na muda uliobaki, uliokuwa dakika 20, sasa umekuwa 35. Wenzetu wa toleo jipya picha yao inacheza papo hapo. Maskini, inabidi wafanye kazi.

Fadhila ya pili ni kwamba visirani vyake havina siri. Najua itaganda lini, kwa hiyo nasevu kabla ya kila hatua kama mtu anayepiga bismillahi. Visirani vya toleo jipya nitavijulia wapi? Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Wenye dharau watasema kazi ya maana haitoki kwenye chombo cha kale. Wakaitazame Parasite. Filamu hiyo ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, toleo la mwaka 2009. Mwaka 2019 ilitwaa Palme d'Or kule Cannes, na mwaka 2020 ikabeba Oscar ya filamu bora. Hakuna jaji aliyeuliza namba ya toleo. Na toleo hilo lilikuwa limeshazikwa tangu 2011, Apple ilipoleta Final Cut Pro X. Waliolikimbilia jipya wakakuta haliwezi kufungua miradi yao ya zamani. Wengine wakarudi nyuma, wengine wakahamia programu nyingine, Premiere na Avid. Miaka miwili baadaye Adobe nayo ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Premiere hayanunuliwi tena, yanalipiwa kila mwezi. Yangu nililipa mara moja, yakaisha. Sina ndugu wa namna hiyo.

Lakini fadhila kuu ni ulinzi. Tangu mwaka 2017 iPhone hurekodi video kwa mfumo wa HEVC, na programu yangu ikipewa faili la aina hiyo inatoa sauti tu. Picha ni giza tupu. Shangazi wa bwana harusi anauliza, "Mwanangu, mbona klipu yangu sijaiona?" Namjibu bila kupepesa macho: "Shikamoo shangazi. Mashine imeikataa." Na mashine haigombezwi. Toleo jipya lingeipokea klipu hiyo yote, keki nusu na kidole gumba nusu, nami ningekosa pa kujificha.

Msinidhanie mkaidi. Wahariri wa kila toleo wana kanuni moja, nami naiheshimu: usibadilishe programu katikati ya kazi. Mradi ukishafunguliwa na toleo jipya huandikwa upya, na mara nyingi la zamani haliwezi kuusoma tena. Basi maliza kwanza kazi iliyo mezani, weka nakala pembeni, ndipo usasishe. Nitafanya hivyohivyo. Kazi iliyo mezani ni harusi ya mwezi uliopita, na familia mbili bado hazijakubaliana maharusi waingie ukumbini kwa wimbo gani. Wakikubaliana tu, nasasisha, isipokuwa kwamba Jumamosi kuna harusi nyingine.