Kanga ya Mama na Baiskeli ya Dakika

Mama yangu amepanda baiskeli tangu akiwa msichana wa Ngamiani. Anayeijua Tanga haoni ajabu: kwetu baiskeli ni ya kila mtu, na mwanamke wa makamo akipita na kapu la samaki kwenye keria hakuna anayegeuza shingo. Alipokuja kututembelea Berlin Septemba mwaka jana, akiwa na miaka 66, siku ya tatu tu akaniambia, "Mwanangu, nimechoka kuuona mji huu kwa dirisha la treni." Sikuhitaji kufikiri sana. Kwenye kona ya mtaa wetu wa Neukölln zimepangwa baiskeli na skuta za umeme za kukodi, usiku na mchana. Unaelekeza simu kwenye ule mraba wa madoadoa ulio juu ya usukani, kufuli linafunguka, unaondoka.

Naye alikuwa na safari yake moyoni. Mwanangu mkubwa alimwonyesha kwenye ramani kwamba kaskazini mwa mji, huko Wedding, kuna barabara iitwayo Tangastraße. Mama akavaa miwani, akaisogeza simu mbali kidogo, akasoma herufi moja moja. Ile herufi ya Kijerumani inayofanana na B ikamkwamisha, mjukuu akamwambia hiyo ni S mbili.

"Ngamiani barabara zetu zina namba," akasema. "Mimi nimezaliwa Barabara ya Kumi na Nne. Jina la Tanga wamelileta huku kulifanyia nini?"

Swali hilo ndilo lililotutoa nyumbani Jumamosi ile.

Tulikuwa watano, na hesabu ikaanza kukataa kabla hatujavaa viatu. Baba watoto aliketi mezani kusoma masharti. Ujerumani iliruhusu skuta za umeme barabarani kuanzia tarehe 15 Juni 2019, na sheria inamkubali mwenye miaka 14. Kampuni tuliyotaka kukodi kwake, hata hivyo, inadai miaka 18. Kijana wetu ana 17, akanuna hadi chai ikapoa. Mdogo wake wa miaka 10 alitumaini kusimama mbele yangu kwenye skuta moja, kama alivyozoea kupakiwa bodaboda tukienda likizo. Hilo nalo marufuku: skuta moja mtu mmoja. Tukashuka stoo kutoa baiskeli za watoto. Moja haikuwa na upepo, pampu haikuonekana, tukaazima kwa jirani wa ghorofa ya tatu. Tulipanga kuondoka saa nne asubuhi. Tulifungua kufuli la kwanza saa sita kamili mchana.

Nayaeleza haya kwa sababu siku nzima ilifuata mkondo huo. Vyombo hivi vimebuniwa kwa mtu mmoja, mwenye simu moja na haraka yake mwenyewe. Familia haiendi hivyo. Familia huenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na aliye nyuma ana haja zake: maji, choo, swala, kiatu kinachobana. Saa ya kampuni haimjui mtu wa nyuma. Sisi tulilipa yuro 1 kufungua kila chombo, kisha senti 25 kwa kila dakika, uende au usimame.

Baba watoto alichukua baiskeli mbili kwa simu yake, ya kwake na ya Mama. Mimi nikachukua skuta kwa simu yangu. Mama alikuwa amevaa dera, na kanga ameifunga kiunoni kulibana dera lisipepee. Juu ya ushungi tukamvalisha kofia ngumu ya kijana. Sheria hapa hailazimishi kofia, ila sikuwa tayari kumtoa bila.

Sasa, Mama hupanda baiskeli kwa mtindo wa Tanga: mguu wa kushoto unakanyaga pedali, wa kulia unasukuma ardhi mara mbili tatu, kisha anavuka na kukaa. Kwenye Phoenix, baiskeli yake ya Tanga, mtindo huo hauna neno. Lakini baiskeli ya umeme husubiri pedali ibonyezwe ndipo ikusukume. Mguu wa kushoto ulipobonyeza tu, mota ikaitika, baiskeli ikachomoka na Mama akiwa bado ananing'inia ubavuni. Kijana aliidaka keria kwa nyuma. Mama hakupiga kelele. Alishuka, akaitazama kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akauliza, "Ina nguvu kiasi gani?" Mjukuu akamweleza kwamba mota ni ya wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa inaacha kukusaidia, unabaki na miguu yako. "Basi nikae kwanza ndipo nikanyage," akasema. Akakaa, akakanyaga, akaondoka. Tulipofika kwenye kilima kidogo alitupita sote, mgongo umenyooka, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona mama yangu akipanda mlima bila kushika goti.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu, pembeni mwa bustani ya Hasenheide: Lucy-Lameck-Straße. Barabara hiyo iliitwa Wissmannstraße hadi 2021. Hermann von Wissmann ndiye aliyeongoza majeshi ya Wajerumani kuvunja upinzani wa pwani yetu, na kiongozi wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Lucy Lameck ni mzaliwa wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha uwaziri katika serikali yetu. Mama alimjua kwa jina tangu akiwa shule. Pangani ni kwa mama yake mzazi. Alisimama chini ya kibao kile akakiangalia kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshika usukani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia kwamba dakika zinakwenda.

Kanga iliingia kwenye gurudumu tulipokuwa tukiondoka hapo.

Phoenix ya Mama ina kipande cha nyavu kuukuu pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Marehemu Baba ndiye aliyekifunga, nguo isiingie kwenye spoku. Baiskeli ya kukodi haina kitu kama hicho. Pindo la kanga lililegea, likateleza chini ya madigadi, spoku zikalivuta. Mama alihisi kiuno kinakazwa, akaacha kukanyaga, mota ikanyamaza, akaweka mguu chini. Hakuanguka, alhamdulillahi. Lakini alikuwa amefungwa: kanga imezunguka ekseli, mwisho wake mwingine uko kiunoni mwake.

Anayejua zaidi mambo ya baiskeli ndani ya nyumba yetu ni baba watoto. Lakini huyu ni mkwe, na yule ni mama mkwe wake, na kilichonasa ni kanga ya kiunoni. Alishika usukani baiskeli isiyumbe, akatugeuzia mgongo, akawa anatuelekeza huku akitazama miti ya Hasenheide: "Rudisheni gurudumu nyuma taratibu. Msiivute kanga." Nilipiga magoti. Kijana akalirudisha gurudumu kidogo kidogo, mimi nachomoa kitambaa kwenye spoku moja baada ya nyingine. Mwishoni kipande kilikataa. Hatukuwa na mkasi, nikakikereza kwa ufunguo wa nyumba hadi kikachanika. Mama akajifungua, akaikunja kanga yake iliyochanika, akaitia mkobani bila neno. Mikono yangu ilikuwa nyeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko.

Tukakubaliana kuviacha vyombo hapo na kwenda na treni. Baba watoto akabonyeza cha kumaliza safari, programu ikakataa: tulikuwa tumesogea ndani ya bustani, na ramani yake ilionyesha bustani yote nyekundu, hairuhusiwi kuegesha. Tukazikokota hadi barabarani. Baiskeli hizi zina kufuli la duara linalokumbatia gurudumu la nyuma, unalisukuma chini kwa mkono hadi lilie. La kwanza likalia. La pili, la baiskeli ya Mama, likashuka. Kama lililia au la, hakuna aliyesikiza, kwa kuwa mtoto alikuwa analia njaa na Mama anauliza kibla kiko upande gani.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi Hermannplatz, tukabadilisha Mehringdamm, tukashuka Afrikanische Straße. Mtaa mzima una majina ya kwetu na ya jirani zetu: Sansibarstraße, Ugandastraße, Kongostraße, Usambarastraße. Ni mtaa uliopewa majina hayo na watu waliokuwa wakiziona nchi zetu kama mali. Tangastraße ni barabara ya makazi ya kawaida, nyumba, magari yaliyoegeshwa, mapipa ya taka. Mama alisimama chini ya kibao, akaigusa nguzo kwa kiganja. "Basi hapa ni Tanga," akasema, "na hawanijui." Tulimpiga picha akiwa na kofia ngumu kichwani, kwa kuwa sote tulisahau kumvua.

Simu ya baba watoto ilizimika chaji tukiwa huko. Alipoichomeka kwenye umeme nyumbani, ujumbe ukamiminika. Baiskeli ya Mama ilikuwa bado iko safarini.

Mimi na kijana tulitoka mbio. Tuliikuta palepale, gizani, imesimama peke yake. Kijana alimulika kufuli kwa simu: nyuzi za kanga, nyekundu na nyeusi, zimejisokota mahali ambapo chuma kinaingia tundu lake. Kufuli lilikuwa limeshuka karibu lote, limebakiza upana wa ukucha. Nilizichomoa kwa kibano cha nyusi. Likalia. Ilikuwa saa mbili kamili usiku. Dakika 480, yuro 120, na yuro 1 ya kufungulia. Kwa pesa za nyumbani ni zaidi ya shilingi laki tatu.

Tuliandikia kampuni, tukatuma na picha ya nyuzi zile. Jibu lilisema mkodi ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha kufuli limefunga, na kwamba walitutumia ujumbe wa kutukumbusha. Ni kweli walituma. Lakini naamini chombo kilichosimama mahali pamoja mchana kutwa, bila gurudumu kuzunguka, kina namna ya kujulikana kwamba hakuna aliyekipanda, na sioni haki katika kuendelea kuhesabu.

Tulitaka kumficha Mama. Nyumba yetu haina ukuta mnene. Asubuhi nilimkuta jikoni amefungua fundo la kanga nyingine, ametandaza yuro zake alizobadilisha kabla ya kusafiri, anazinyoosha kwa kidole. "Kanga ni yangu," akasema. Nilizirudisha fundoni kwa mkono wangu, nikalifunga, akalifungua, nikalifunga tena. Mwishowe baba watoto akiwa mlangoni akasema, "Mama, ukilipa wewe, mimi sitakuwa na uso wa kuja Tanga." Hapo akaacha.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye hukodisha kwa siku. Baiskeli mbili za umeme zilitugharimu yuro 60, kuanzia asubuhi hadi anapofunga duka. Nilipomweleza kisa cha kanga alifunga ngao za plastiki pande mbili za gurudumu la nyuma la baiskeli ya Mama, bila malipo. Mama akazigonga kwa kidole, akasema Baba angezipenda.

Tulirudi Wedding. Kuna barabara huko iliyobeba jina la Peters kwa miongo mingi, lililotoka kwa mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa ajili ya waliopigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Mama aliiendesha kutoka mwanzo hadi mwisho, akageuka, akairudia, na mara hii hakuna aliyetazama saa.