Sensa Isiyo na Posho

Oktoba ikifika, Manyatta nzima hugeuka darasa la hesabu. Wenye chai wanahesabu bonasi: shilingi ngapi kwa kilo, na kwa nini kiwanda cha ng'ambo ya mto kimelipa zaidi ya chetu. Wenye kahawa wanahesabu madebe. Wanasiasa wanahesabu kura za uchaguzi ambao hata tarehe yake hatujaifikiria. Mimi nahesabu mwewe.

Sikujitolea. Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya wanyamapori chuoni na bado anatafuta kazi, alinitwika darubini na fomu akasema, "Mjomba, wewe si umestaafu? Kaa tu pale juu uangalie angani." Ukistaafu, ukoo mzima hukupangia kazi. Na nani alimwambia kuna kukaa? Ndege mbuai huhesabiwa kwa miguu miwili, kisogo kikiwa kimelala mgongoni na mdomo wazi, jambo linalowafurahisha sana nzi.

Wageni wenyewe wana madaha. Wanatoka nyika za Urusi na Kazakhstan, wanakimbia baridi, wanatufikia pamoja na mvua za vuli. Tai hapendi kupigapiga mabawa ovyo. Anangoja jua lipashe ardhi, hewa ya joto ipande, naye apande nayo akizunguka. Akishafika juu anateleza hadi penye hewa nyingine, bila jasho. Kabla ya saa nne asubuhi, basi, hakuna wa kuhesabiwa. Na Manyatta yetu, Novemba, ikigonga saa sita ukungu umeshateremka kutoka mlimani. Tai ana saa mbili za kupita, nami nina saa mbili hizo hizo za kumwona, na ndizo kila mpita njia amezichagua kunihoji.

Maana hakuna anayeamini kwamba mtu mzima anaweza kusimama kando ya barabara na darubini kwa ajili ya ndege. Wa kwanza aliuliza kama barabara inapanuliwa, na fidia itaanzia boma gani. Wa pili alitaka mnara wa simu uwekwe shambani kwake, si kwa kaka yake. Vijana wa bodaboda walikata shauri kwamba mimi ni mpelelezi wa pombe haramu, wakawa wananiamkia kwa adabu ambayo sikuipata hata nilipokuwa nashika chaki. Nilipowaambia ni sensa ya ndege, adabu iliisha pale pale. "Posho ni ngapi, mzee?"

Hapo waligusa kidonda. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 608,599 katika kaunti nzima ya Embu, na makarani walilipwa, tena wakapewa vishikwambi. Nasi tulikuwa tumetulia nyumbani tukiwangoja, na tulipoulizwa majina tulijibu. Ndege wangu hana boma, hana kitambulisho, na akifika juu ya msitu wa Irangi anazama mawinguni kabla sijajua ni nani. Kishikwambi changu ni kalamu ya shilingi ishirini.

Marehemu nyanya yangu angeniuliza kama nina akili timamu. Wazee wa huku mlimani hawakupenda watoto wala mbuzi wahesabiwe kwa kidole. Kuhesabu kulikuwa kuita msiba. Majirani zetu Wakikuyu wana hadithi ya mabinti wa Mumbi: kumi, kila mmoja na jina lake, lakini hesabu husemwa tisa kamili. Kwa utaratibu huo ningejaza fomu ya msimu mzima nikiwa kitandani.

Wenzetu wa Batumi, kule Georgia, wanastarehe. Upande mmoja wana Bahari Nyeusi, upande wa pili milima ya Kaukasi. Ndege mbuai wanaosafiri kwa kuteleza huikwepa bahari kwa sababu juu ya maji hewa ya joto haipandi vizuri, basi wote hubanwa katika ujia mwembamba, na kila vuli hupita zaidi ya milioni moja. Hata Djibouti, pale bahari inapobana na Yemen ikaonekana ng'ambo, mwaka 1987 watazamaji walihesabu zaidi ya laki mbili katika msimu. Lakini ndege wakishaipita Ethiopia wanatawanyika kama matatu zikitoka stendi: huyu Tsavo, huyu Serengeti, yule hadi Afrika Kusini. Kinachobaki kupita juu ya kichwa changu ni mmoja mmoja, na siku nyingi ni sifuri. Naandika sifuri. Natia sahihi chini ya sifuri.

Nyumbani nako sina mtetezi. Kwa mama watoto kila chenye kucha na mabawa ni mwewe, na kila mwewe ni mwizi wa vifaranga. Nilimweleza kuhusu kozi wa Amur: anatoka mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China, anapitia India, anavuka Bahari ya Hindi bila kutua, na uzito wake haufiki hata robo kilo. Huku kwetu chakula chake ni kumbikumbi na wadudu wengine. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sawa, Baba Watoto. Andika hivyo kwenye fomu yako. Lakini kifaranga hayupo."

Wala hamhesabii shakivale wetu wa hapa hapa, yule mwenye mkia mwekundu anayeshinda juu ya nguzo ya stima, kazi yake ya kula fuko. Fuko wanatumalizia viazi na mihogo, na fundi wa mitego tunamlipa kwa kila kichwa. Shakivale anafanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Sisi wawili tunaelewana.

Lakini lazima niseme haki. Miaka ya 1970 kulikuwa na watu walioendesha gari katika barabara za Kenya wakiandika kila ndege mbuai waliyemwona njiani. Bila shaka nao waliulizwa posho. Miaka mingi baadaye wengine wakarudia hesabu hiyo, na mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake wakachapisha jibu: kati ya spishi 22 walizolinganisha, 19 zimepungua. Shakivale wetu yumo. Sumu inawaua, nguzo za stima zinawakaanga, mashamba yanameza viota vyao. Bila zile karatasi za zamani, leo tungekuwa tunabishana kilabuni kama mwewe walikuwa wengi au ni uzee wetu unatudanganya. Sifuri yangu ya leo nayo inaweza kumfaa mtu mwaka 2060, hata kama atashangaa hati yenyewe ilivyojaa hasira.

Basi nimekubali kuendelea. Mpwa wangu anasema msimu ujao ataleta mtu wa pili, kwa sababu utaratibu mzuri wa kazi hii unataka mmoja aangalie juu na mwenzake aandike. Nimempa sharti moja tu: mimi niwe mwandishi. Mwandishi hupewa kiti.