Amana Imeiva

Tarehe 6 Januari 2025 shangazi yangu alipanda basi Korogwe akiwa na bati la biskuti mapajani, na hakulitua mpaka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Benki Kuu inaziondoa noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003, na kwamba muda wa kuzibadilisha ni kuanzia siku hiyo hadi tarehe 5 Aprili. Ikipita hapo, noti inabaki picha. Miezi mitatu mizima ilikuwa mbele yetu, lakini shangazi alitaka kuwahi, maana kwa imani yake benki huishiwa fedha kama duka linavyoishiwa sukari.

Kesho yake asubuhi tulikuwa dirishani. Batini mlikuwa na shilingi 164,000 zilizofungwa kwa uzi wa kufumia, zikinuka karafuu na mafuta ya taa. Kijana wa dirishani alizihesabu kwa ncha za vidole. Shangazi akaniambia kwamba siku alipozifungia zilikuwa ni ng'ombe na ndama wake. Tulipotoka zilikuwa ni mchele, dumu la mafuta, doti ya kanga, nauli ya kurudia, na chenji ambayo hakunionyesha.

Nilimcheka, kimoyomoyo, kwa adabu zote. Kumbe na mimi nilikuwa na bati langu: 1,800,000 za kazi ya kutafsiri, zimekaa kwenye simu. Tofauti ni kwamba bati la shangazi halikupigiwa na ndugu saa tano usiku.

Kwa hiyo kabla hatujatoka nilimkalisha shangazi kwenye kiti, nikachukua tiketi ya foleni ya huduma kwa wateja. Nilikwenda na masharti mawili, na niliyataja kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti: nataka riba nzuri, na nataka kutoa hela zangu wakati wowote. Dada wa huduma akanitazama kama mchuuzi wa samaki anavyomtazama mteja anayetaka changu mkubwa kwa bei ya dagaa.

"Kaka, hizo ni akaunti mbili," akasema.

Ya kwanza ilikuwa akaunti ya akiba ya kawaida, asilimia 3 kwa mwaka, unatoa hata ukiwa kitandani. Ya pili ilikuwa amana ya muda maalumu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini milioni yako inafungwa miezi sita, na ukiivunja njiani riba unaisahau. Katika zote mbili serikali inachukua asilimia 10 ya riba yenyewe. Aliniambia pia kwamba Bodi ya Bima ya Amana inamkinga mteja hadi shilingi 7,500,000 benki ikianguka. Nilifarijika sana, ingawa kwa fedha zangu ilikuwa sawa na kumwambia mtu wa baiskeli kwamba daraja linabeba lori.

Nikachukua zote mbili. Laki nane kwenye ya akiba, milioni moja kwenye ile ya kufungwa.

Hesabu ya laki nane niliifanya nyumbani kwa kalamu. Asilimia 3 ni 24,000. Toa kodi 2,400, zinabaki 21,600. Gawa kwa kumi na mbili: 1,800 kwa mwezi. Si haba, nikajisemea, fedha inanifanyia kazi mimi nimelala. Ambalo sikulihesabu ni kwamba fedha inayotoka ukiwa kitandani hutoka kweli. Mwezi wa kwanza niliihamishia kwenye simu mara kumi na moja. Kila safari ina makato ya kuhama, halafu makato ya kutoa kwa wakala. Tangu zile tozo za miamala ya simu za Julai 2021 kila Mtanzania ni mhasibu, nami nikaketi kujumlisha. Riba ya mwezi mzima iliisha kabla ya safari ya tatu.

Mwezi wa pili nikawa mjanja. Nikazijazia zikarudi laki nane, nikaziacha zitulie. Tarehe 28 Februari, jamaa mmoja akanikopa laki sita za dharura, na, jambo ambalo sijawahi kuliona wala sitegemei kuliona tena, akazirudisha tarehe 2 Machi. Nikazirejesha benki haraka, nikijiona sijapoteza kitu. Mwisho wa Machi ndipo nilipojifunza kwamba benki ile hupiga riba kwa salio la chini kabisa la mwezi. Salio langu la chini Februari lilikuwa laki mbili, maana Februari ilikwisha hela zikiwa kwa jamaa. La Machi pia laki mbili, kwa sababu Machi ilianza hela zikiwa kwa jamaa. Kwa mkopo wa siku tatu nilipigwa miezi miwili. Jamaa mwenyewe mpaka leo anasimulia jinsi alivyo mlipaji mzuri, na siwezi kumbishia.

Ile milioni, hata hivyo, ilikuwa imekaa. Sikuigusa. Fomu yake niliijaza vizuri siku ileile ya Januari, isipokuwa kisanduku kimoja kilichouliza nini kifanyike muda ukifika: kulipwa au kuhuishwa. Shangazi alikuwa ananiita tuondoke, na neno kuhuisha lilinikaa vizuri, lina uhai ndani yake. Nani akatae kuhuishwa? Nikatia alama.

Aliyeikumbuka tarehe ya mwisho hakuwa mimi. Alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye alitaka 700,000 za kufufua injini ya bodaboda yake, na aliyekuwa amenikopa mara nne kabla ya hapo kwa sababu ambazo nazo zilianzia kwenye injini hiyohiyo. Kwenye simu yake aliweka kengele: "Amana ya shem." Tarehe 7 Julai ilikuwa Saba Saba, benki zimefungwa. Mimi nilipumzika. Kompyuta ya benki haikupumzika.

Tarehe 8 saa mbili na nusu tulikuwa foleni, shemeji amevaa shati la Idi. Dada wa huduma, yuleyule, akabonyeza, akatabasamu.

"Hongera, kaka. Amana yako imeiva jana. Riba yako 36,000 baada ya kodi. Na imejihuisha, yote, hadi Januari."

"Imejihuisha vipi?" nikauliza.

Akanionyesha kisanduku. Alama ilikuwa yangu, kubwa, ya mtu mwenye haraka na shangazi.

Nilihisi uchungu kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikageuka nikamwona shemeji. Uso wake ulikuwa umekubali kabisa, bila kinyongo. Miaka yote nimemwambia "sina", akanitazama kwa jicho la anayejua ninazo. Leo ameambiwa na mtu wa tai, kwa Kiswahili sanifu, mbele ya kompyuta: zimefungwa. Sikusema uongo hata neno moja.

"Lakini kaka, kwa kuwa ni jana tu," dada akaendelea, "unaweza kumwandikia meneja barua, na bado huta..."

"Dada," nikamkatisha, "utaratibu ni utaratibu."

Akanitazama, akamtazama shemeji, akaelewa. Wanawafundisha vizuri hawa. Akaufunga ukurasa wangu.

Shemeji alikaa kimya, akitikisa kichwa kwa heshima. Halafu akasogeza kiti karibu na meza.

"Sista, hii inayojifunga yenyewe hata ndugu wakija," akasema, "na mimi naitaka. Kianzio chake shilingi ngapi?"

"Laki tano, kaka."

Shemeji akanigeukia.