Sifa za Mwiba wa Ngege

Kwenye ngoma za Wajaluo, mwenye noti huusimamisha wimbo, akalipa, kisha akajigamba yeye na ukoo wake. Hiyo ndiyo pakruok. Leo nausimamisha mimi kwa ajili ya mwiba wa samaki aitwaye ngege, maana sijaona aliyewahi kuulipia.

Desemba ikifika, kisiwa cha Rusinga hufanya tamasha la utamaduni wa Wasuba, na nyumba yetu ya Milimani, Kisumu, hujaa jamaa kutoka Nairobi na Mombasa. Tunashuka hadi Luanda K'Otieno, tunavuka kwa feri hadi Mbita, na njia nzima shemeji yetu anatueleza jinsi Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani humo, angeiongoza Kenya lau asingepigwa risasi mwaka 1969. Mama mkubwa alishindwa kumnyamazisha. Vipaza sauti vya tamasha navyo vilishindwa. Ngege wa kukaanga alipotua mezani, shemeji alinyamaza. Mwiba hautambui shahada wala cheo: anayehutubia huku anakula, unamkata kauli.

Na elimu yake je? Jukwaani tuliambiwa Kisuba kinakufa, kimemezwa na Kijaluo. Tukapiga makofi. Mwiba haukuhutubu. Uliwalazimisha watoto wa Nairobi kuweka simu chini na kusogea karibu na nyanya, naye akawachambulia samaki taratibu, akawaonyesha nyama tamu ya shavuni ambayo hawakujua ipo.

Uzalendo wa ukoo wake ndio usiseme. Minofu ya mbuta hulazwa kwenye barafu, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa hukataa safari. Hubaki Kisumu ikiitwa mgongo wazi, ikakaangwa na akina mama wa Obunga, ikawalisha wasioweza kununua samaki wa ziwa lao wenyewe.

Wenye chuki husema mwiba hukwama kooni. Ni kweli, ulimkwama shemeji. Lakini papo hapo mkewe alimpiga mgongoni, nyanya akamfinyangia tonge la ugali, na binamu ambaye alikuwa hajamsemesha tangu ugomvi wa shamba akatoka mbio kuleta maji. Ni baraza gani la ukoo limewahi kupatanisha watu upesi hivyo, tena bila posho?

Basi mwakani mgeni akiuliza kama hakuna samaki asiye na miba, mjibuni kwa adabu: yupo, ila ameshasafiri.