Tiketi Imeingia, Mimi Nimebaki
Leo asubuhi hapa Mtae mtoto wa jirani amenyoosha mkono mbele ya mbuzi wao, akamwambia: "Tiketi yako imeshaingia." Mbuzi karudi nyuma. Habari ilipanda mlima kabla yangu.

Ilikuwa Jumamosi, Agosti 2, 2025, kwa Mkapa: Tanzania na Burkina Faso, ufunguzi wa CHAN. Nilifika Temeke na koti langu la baridi ya Mtae, nachuruzika jasho.

Sasa lile geti. Ukiliona ni nguzo yenye mikono mitatu ya chuma, lakini tumboni mna gurudumu lenye mapengo, na kijino kinacholikaba. Kadi ikisomwa, umeme unainua kijino, mkono unazunguka nyuzi 120, theluthi ya duara kamili, halafu kijino kinaanguka, ka! Theluthi moja, mtu mmoja. Haliulizi mtu gani. Nimelitafakari kuliko mechi yenyewe.

Nikagusisha kadi, taa ya kijani. Ubavuni pangu mzee, mkongojo na kofia ya kufuma. Nimelelewa kwamba mkubwa hupita kwanza. "Tangulia, baba."

"Ahsante, mwanangu." Ka! Akazama kwenye uwanja wa watu 60,000.

Nikagusisha tena. Nyekundu. Binti wa getini akatazama kioo chake: "Baba, tiketi yako imeshaingia."

"Imeingia na nani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikajipenyeza kwa ubavu, koti likanasa, nikaning'inia hapo, nusu Temeke, nusu uwanjani, mpaka vijana wawili wakaninasua kama gunia la viazi.

Nikatoa noti. Hazipokelewi, tiketi hununuliwa kwa simu, na yangu ilizima tangu Segera. Hapo sikucheka tena. Mtu kaondoka mlimani kabla ya jogoo, hela anayo, na hakuna hata kidirisha kimoja chenye binadamu wa kumsikiliza. Noti ya elfu ina sura ya Mwalimu Nyerere. Basi tukabaki nje wote wawili.

Mabao yote mawili niliyasikia ukutani. Tulishinda 2-0.

Usiku nililala stendi, koti likafaa.

Mzee wa kofia ya kufuma, shikamoo. Nakudai tiketi moja. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda; tukikutana getini, utapita nyuma yangu.