Wake Wenza wa Kompyuta Moja

Kijana wa steshenari pale Bukene, kwenye reli ya Tabora–Mwanza, kaoa wawili katika kompyuta moja: Windows wa kuhudumia wateja, Ubuntu wa kujisifia. Hongera zake. Barua ya mkulima wa mpunga kaihifadhi upande wa Ubuntu, kwenye mfumo wake wa mafaili, ext4. Windows akiamshwa, ext4 haijui wala hataki kutambulishwa.

Ubuntu walau muungwana, husoma NTFS ya mwenzake. Ila Windows akiambiwa azime, hazimi. Ule uanzaji wake wa haraka humlaza nusu, funguo kiganjani, na Ubuntu akibisha hodi huruhusiwa kusoma tu, kuandika mwiko. Dawa ni bure: uzime uanzaji huo, utenge sehemu ya exFAT wanayoielewa wote wawili.

Bwana wetu hataki. Anajitumia barua kwa WhatsApp. Misafara ya kale ya Tabora ilitembea hadi Bagamoyo kwa kuwa bahari iko huko. Barua hii inapelekwa ng'ambo ili iingie chumba cha pili.

Na saa je? Ubuntu huweka saa ya mashine kwa UTC, Windows huidhania ya hapa. Saa nne asubuhi, skrini ya Windows inaandika 7:00. Mteja anasoma saa saba mchana, mwenye duka anasema ni moja asubuhi, na wote wawili wanalaumu umeme.