Karamu ya Bundi

Mwindaji wa kale, kwenye kuta za makumbusho, humkabili tembo kwa mkuki mmoja na kifua kipana. Majivu ya mapangoni yana habari ya aibu zaidi: vifupa vya panya, nungunungu na pimbi. Tatizo ni bundi. Naye hukaa pangoni, humeza panya mzima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Mtaalamu mwenye haraka huiandika karamu hiyo kuwa mlo wa babu. Kinachowatenganisha ni mikato ya jiwe na alama za moto, maana bundi hajawahi kuchoma nyama.

Katika pango la Matupi, Ituri, mashariki mwa Kongo, mwanaakiolojia Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970, akapata zana ndogo za mawe ya kwatzi za zaidi ya miaka 40,000. Jiwe hudumu; vifupa hupotea kirahisi. Kwingineko wachimbaji wa zamani walitumia chekeche zenye matundu makubwa: tembo akabaki, panya akapita.

Upande wa Lusangi, huko huko Kongo, udongo mchachu wa nchi ya mvua huumaliza mfupa mwembamba kabla mtaalamu hajapata viza. Lakini mawindo madogo hayajaisha: ndezi, simbiliki kwa Wakongo wengi, bado hunaswa kwa mtego. Hakuna anayemchora ukutani.